Mwuguzi Naye Ana Mwili

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Singe, Babati)

 

Mmeniomba niseme habari ya hospitali na magonjwa ya mlipuko. Habari hii ikizungumzwa, kwa kawaida wanatajwa wagonjwa tu. Mimi leo nitasema juu ya wale wanaowapokea wagonjwa. Wanajua nini? Na moyoni wanafikiri nini?

Kwanza, msiseme haya ni mambo ya mbali. Babati ni njia panda. Basi la Arusha kwenda Dodoma linapita hapa, la Singida linapita hapa. Ugonjwa nao hupanda basi, tena haukati tiketi.

Sasa hebu tutazame Kagera. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umeingia Bukoba Vijijini. Ilikuwa mara ya kwanza katika nchi yetu. Marburg ni ndugu wa Ebola. Mtu hupata homa kali, hutapika, huharisha, na wengine hutoka damu. Huambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa, au mwili wa marehemu. Walihesabiwa wagonjwa 9, wakafa 6. Wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, katika Ziwa Viktoria. Waliofuata walikuwa watu wa nyumbani kwake, na watumishi wa afya 2 waliowahudumia. Mmoja wa watumishi hao alikufa. Fikirini, wawili katika tisa!

Kwa nini mtumishi wa afya aliyesoma apatwe? Kwa sababu Marburg siku za mwanzo inafanana na malaria. Mgonjwa anafika na homa, mwuguzi anamshika, anamtoa damu ya kupima, kama anavyofanya kila siku. Jina la ugonjwa linajulikana baadaye. Kagera waliookoa jambo ni wale waliowafuatilia watu zaidi ya 200 waliokutana na wagonjwa, wakiwaangalia siku hadi siku mpaka zitimie 21. Tarehe 2 Juni 2023 ikatangazwa kuwa umekwisha. Lakini Januari 2025 ukazuka tena Biharamulo, na watu wote 10 waliohesabiwa wakafa. 8 kati yao walikufa kabla ugonjwa haujathibitishwa.

Korona ilikuwa na shida ya namna nyingine. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020. Hesabu zilipofika wagonjwa 509 na vifo 21, takwimu zikaacha kutolewa, na watu wakakaa zaidi ya mwaka bila kupewa hesabu. Wengi wakajifukiza. Mtumishi wa afya akabaki katikati: kazini ana alichosoma, akirudi mtaani anasikia mengine, na wakubwa hawasemi. Chanjo ilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021, watumishi wa afya waliwekwa katika kundi la kwanza, lakini hata miongoni mwao wapo waliosita. Msiwacheke. Mtu asipoelezwa, uvumi ndio humweleza. Na hatari haikuwa ya mchezo: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa kati ya Januari 2020 na Mei 2021 korona iliua watumishi wa afya kati ya 80,000 na 180,000 duniani.

Je, wanajua kazi yao? Mimi nasema wanajua, lakini si sawasawa. Mwulize mwuguzi ugonjwa unaenezwa vipi, atakujibu vizuri. Mwulize aanze kuvua nini akitoka kwa mgonjwa, hapo anaweza kusita. Na hapo ndipo penye hatari! Wakati wa kuvaa, mavazi ya kujikinga ni safi. Wakati wa kuvua, uchafu wote uko nje. Ukijishika uso mara moja, basi. Jambo hilo halijifunzi kwa kusikiliza semina siku moja. Ni la kufanya na kurudia, kama mlivyojifunza kuandika.

Halafu, nani anaitwa semina? Daktari, mwuguzi mkuu. Mlinzi wa getini, ambaye ndiye wa kwanza kukutana na mgonjwa, haitwi. Dereva wa gari la wagonjwa haitwi. Mama anayefuta matapishi kwa tambara na ndoo, haitwi. Kwangu mimi hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, maana huyo mama anagusa zaidi ya daktari.

Na mioyoni wanaogopa, kweli. Hofu yao kubwa ni kupeleka ugonjwa kwa watoto nyumbani. Wanataka glavu zisiishe katikati ya zamu, maji yatoke bombani, na wakisema kuna upungufu wasionekane wakorofi. Mpango wa hospitali unaweza kupendeza sana kwenye karatasi, lakini bila maji ya kunawia mikono ni karatasi tu.

Ninyi mnaweza kufanya nini? Mkifika hospitali semeni kweli: mmetoka wapi, mmeuguza nani, mmezika nani. Mwuguzi akiuliza maswali hayo si udadisi, anailinda roho yake na ya mgonjwa wa kitanda cha pili.

Tena, zahanati na vituo vya afya vina kamati za usimamizi, na ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi. Wazee wanaikumbuka Mtu ni Afya ya mwaka 1973, vikundi vilivyokaa kusikiliza redio, kisha watu wakainuka wakachimba vyoo. Hamkungoja daktari aje na jembe. Basi kaeni vivyo hivyo, andikeni maswali yenu kwenye daftari, mpeni mwakilishi wenu. Glavu zipo za muda gani? Mgonjwa wa kushukiwa atakaa chumba kipi? Usiku anapigiwa nani simu? Na aanze na hili: yule mama wa usafi amefundishwa lini?