MASOMO YA MTOTO KABLA YA DARASA LA KWANZA

(Maneno yaliyosomwa na mwanachama mmoja, fundi wa karakana, mbele ya mkutano wa tawi)



Nimepewa dakika 20 kusema juu ya shule za watoto wadogo, zile tuziitazo nasari au chekechea. Najua wengi mmekuja kusikia habari ya nyongeza ya mshahara, na Bwana Katibu ataieleza baada yangu. Lakini jambo hili nalo ni la mshahara. Kila muhula fedha zetu nyingi zinaingia katika nasari, na ni haki yetu kuuliza zinatununulia nini.

Wako wanaume wasemao hivi: "Mimi sikuiona nasari. Nilianza darasa la kwanza katika shule ya misheni, na leo nafunga breki za mabehewa bila kosa." Ni kweli, na mimi ni mmoja wao. Lakini yule mtoto wa shamba hakufika shuleni mtupu. Alikuwa amehesabu mbuzi jioni wakiingia zizini. Alikuwa ametegewa vitendawili na nyanya yake, ametengeneza gari la mabua, ametumwa dukani kwa shilingi na kurudi na chenji. Hiyo ilikuwa nasari yake, ila haikuwa na kibao wala karo.

Mtoto wetu wa mjini anaishi katika chumba kimoja. Nje ni barabara. Baba yuko zamu ya usiku na mchana amelala. Mama amekwenda sokoni au kazini. Neno analolisikia zaidi ni "nyamaza, baba amelala." Nyanya yuko mbali, mbuzi hakuna. Basi mtoto huyu akifika miaka 6 anaingia darasani bila ya kuwa na mtu aliyezungumza naye sawasawa tangu azaliwe. Mwalimu ana watoto wengi mbele yake, hawezi kumngojea.

Wataalamu wa mwili wanatuambia kwamba ubongo wa mtoto, afikapo miaka 6, umekwisha kufikia kama sehemu 9 katika 10 za ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Hii haina maana kwamba amekwisha kujua mambo. Maana yake ni kwamba msingi unajengwa katika miaka ile ambayo sisi twasema, "Huyu bado mdogo, mwacheni acheze." Na acheze, ndiyo, lakini acheze na nani, na nini, na nani anamjibu akiuliza?

Jambo hili halikuanzishwa na matajiri kwa watoto wao. Katika Uskoti kulikuwa na kiwanda kikubwa cha kusokota pamba mahali paitwapo New Lanark. Mkuu wake alikuwa Robert Owen, mtu ambaye baadaye, katika mwaka 1834, alikuwa miongoni mwa wale waliojaribu kuunganisha vyama vya wafanya kazi vya Uingereza kuwa chama kimoja. Siku zile watoto wadogo walikuwa wakiajiriwa viwandani. Owen alikataa kuwapa kazi walio chini ya miaka 10, na mwaka 1816 akafungua shule ya watoto wachanga, hata wale walioanza tu kutembea. Aliagiza kwamba wasipigwe, wasitishwe, wala wasisumbuliwe na vitabu. Waimbe, wacheze dansi, waonyeshwe vitu na kuulizwa maswali. Na mwalimu aliyemchagua alikuwa nani? Alikuwa mfuma nguo, James Buchanan, ambaye kusoma kwenyewe kulimshinda kidogo, lakini alikuwa na subira na alipenda watoto. Nawaomba mkumbuke habari ya mfuma nguo huyo, kwa sababu nitaitaja nasari fulani mnayoijua.

Sasa mtauliza, je, faida yenyewe imepimwa? Imepimwa. Katika Marekani, mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, kati ya mwaka 1962 na 1967, walichaguliwa watoto 123 wa watu weusi, maskini, wa miaka 3 na 4. Watoto 58 waliwekwa katika nasari nzuri, 65 hawakuwekwa. Nasari ilikuwa nusu siku tu, na kila juma mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto akazungumza na mama yake. Kisha watoto wote wakafuatwa mwaka baada ya mwaka mpaka wakawa watu wazima wa miaka 40. Katika wale wa nasari, 77 kwa kila 100 walimaliza masomo ya sekondari; katika wale wengine, 60 kwa kila 100. Wale wa nasari walipata mshahara mkubwa zaidi, na waliokamatwa na polisi walikuwa wachache zaidi.

Lakini sikilizeni jambo moja linalowashangaza watu. Watoto wale walipopewa mitihani ya kupima akili, wa nasari waliwashinda wenzao mwanzoni. Baada ya miaka michache wakawa sawa. Kama mtu angefunga daftari hapo, angesema fedha zimepotea. Kumbe kilichobaki si kile kilichopimwa na mtihani. Kilichobaki ni tabia ya kusikiliza, kupanga kazi na kuimaliza, kukaa na wenzake bila kupigana, kutokimbia jambo gumu. Fundi yeyote aliyefundisha kijana kazi anajua kwamba hayo ndiyo hasa yanayotakiwa. Kutaja majina ya spana kila mtu hujifunza kwa juma moja.

Watoto 123 si wengi, na Michigan si Makadara, nakubali. Basi turudi kwetu, mwisho wa reli. Mombasa, mwaka 1986, wazazi Waislamu waliona watoto wao wanabaki nyuma wakiingia shule ya msingi. Kwa msaada wa Aga Khan Foundation, na kwa kazi kubwa ya Bi Swafiya Said, zilianzishwa nasari zilizofungamana na madrasa. Wanawake wa mtaani wenyewe walifundishwa ualimu. Vifaa havikuagizwa Ulaya. Walitumia vifuu vya nazi, vifuniko vya chupa, mbegu na vitambaa, na watoto wakavipanga na kuvihesabu kwa lugha yao. Kazi hiyo ikaenea mpaka Zanzibar na Uganda.

Sasa nasema habari za mtaani kwetu. Iko nasari moja, jina lake silitaji, ambayo wengi wenu mnailipia. Mtoto wa miaka 4 anarudi nyumbani na daftari 3 za kazi ya usiku. Ananakili maneno ya Kiingereza asiyoyajua maana, mpaka saa mbili usiku, akisinzia. Asipomaliza anachapwa. Na baba anafurahi, anasema shule hii ni kali. Ndugu zangu, ukilazimisha nati kwenye bolti kabla haijakaa sawa, meno hulika, na haitashika tena hata ukiirudia mara kumi. Tena kumchapa ni kuvunja sheria: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza adhabu ya kupiga. Na hiyo lugha, mpango wa serikali wenyewe wasema mtoto mdogo afundishwe kwa lugha ya mahali anapoishi. Kwetu mjini, ambako jirani ni Mluo, Mkamba, Mtaita na Mluhya, lugha hiyo ni Kiswahili. Mtoto ahesabu moja mbili tatu aelewe, na Kiingereza kitamfuata.

Mkienda kutazama nasari, msitazame rangi ya sare wala basi la manjano. Tazameni kama watoto wanazungumza au wamefunga mikono. Tazameni choo, na maji. Tazameni kama mwalimu anachuchumaa anapomjibu mtoto. Ulizeni wanakula nini saa nne.

Na wale wasioweza kulipa? Hapa ndipo chama kinapohitajika. Mwaka 2003 serikali ilipofuta karo ya shule ya msingi, ilianzia darasa la kwanza. Nasari iliachwa mikononi mwa wazazi. Wengine wakairuka kabisa. Wengine wanamwacha mtoto kwa mama mmoja mwenye chumba, watoto 20 sakafuni. Simlaumu huyo mama, naye anatafuta unga. Na wengine wanamzuia binti yao mkubwa asiende shule ili amwangalie mdogo wake. Huyo binti ndiye anayelipa karo ya nasari ambayo sisi hatukuilipa. Jambo hili laniumiza kuliko yote niliyoyasema.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka masomo ya awali mikononi mwa serikali za kaunti, nazo zilianza kazi mwaka 2013. Kwa hiyo msimlaumu mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Madai yetu ni kwa kaunti. Tudai madarasa mawili ya awali, ya miaka 4 na 5, karibu na nyumba zetu, mtoto asivuke reli kwenda shule. Tudai uji. Nairobi wameonyesha mwaka 2023 kwamba chakula cha mchana chaweza kupikwa katika majiko makubwa na mzazi akatoa shilingi 5, nao wa madarasa ya awali wakahesabiwa. Tudai pia walimu hao walipwe vizuri, maana kwa miaka mingi wamelalamika juu ya mikataba mifupi na mishahara midogo. Mwalimu mwenye njaa hatakuwa na subira ya yule mfuma nguo.

Kwa mwajiri nako tuna neno. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba ambamo mama anyonyeshe au akamue maziwa. Akina mama wa ofisi ya tiketi na wa usafi, mmekiona? Tukianza na chumba hicho, tunaweza kuzungumza habari ya mahali pa kulelea watoto wa wafanya kazi wa zamu.

Kabla kaunti haijajibu, iko kazi isiyo na gharama. Baba ukiamka saa kumi alasiri, kaa na mtoto nusu saa. Gari la mizigo likipita, hesabuni mabehewa pamoja. Mwulize lipi ni la mafuta, lipi la makontena, linatoka wapi. Mjibu akiuliza, hata akiuliza mara saba. Mtegee vitendawili alivyokutegea nyanya yako. Msifikiri hiyo ni kazi ya wanawake.

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano uchague watu 5, na wasiopungua 2 wawe akina mama. Karatasi za kuandika majina ziko juu ya meza ya Mweka Hazina. Andikeni umri wa mtoto, nyumba mnayokaa, na zamu za wazazi wote wawili. Tunataka kuonana na afisa wa elimu wa kaunti kabla shule hazijafungwa, naye ataulizia hesabu ya watoto kwanza.