Ngoma ya Mzee na Mfuko wa Mhisani

Maneno ya mazungumzo kwa wakazi, Siku ya Wazee Duniani, Oktoba 1



Kila mwaka siku kama ya leo wazee hupewa unga, sukari na blanketi, hupigwa picha, kisha huombwa wacheze ngoma moja wageni wakingoja chakula. Unga una kazi yake, na asiudharau mtu aliyeshiba. Lakini hiyo ngoma moja ndiyo mada ya leo. Ngozi ikipasuka, hununuliwa na nani? Na mzee anayeishi mbali na uwanja hulipiwa nauli na nani?

Wakazi wa Kakamega wanalijua jambo hili vizuri. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe na njuga, na huchezwa kuanzia mtoto anapozaliwa hadi mtu anapozikwa. Sababu zilizotajwa wakati huo zilikuwa za kawaida kabisa: watunzi wengi ni wazee wasio na warithi, na pesa za kutengenezea ala na mavazi hazipo. Mzee wa miaka 70 na zaidi anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii hawezi kuzitoa hizo kununua ngozi. Zina kazi nyingine dukani na kwenye zahanati.

Kuna watakaosema sanaa ni anasa, dawa ije kwanza. Nchini Marekani, kuanzia mwaka 2001, daktari Gene Cohen wa Chuo Kikuu cha George Washington aliwafuatilia wazee wapatao 300 wa miaka 65 na zaidi katika miji mitatu. Baadhi yao walijiunga na programu za sanaa, wengine wakaendelea na maisha yao ya kawaida. Jijini Washington programu hiyo ilikuwa kwaya iliyokutana kila wiki chini ya mwalimu wa muziki mwenye taaluma. Baada ya mwaka mmoja, wanakwaya walikuwa wamekwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao, wakatumia dawa kidogo na kuanguka mara chache. Utafiti mmoja haumalizi ubishi, hasa kwa kuwa waliojiunga hawakuchaguliwa kwa kura. Lakini aliyewahi kumuuguza mama aliyevunjika nyonga anajua kuanguka mara moja kunaigharimu familia kiasi gani.

Utafiti huo uliwezekana kwa sababu shirika la serikali la sanaa, National Endowment for the Arts, na wafadhili wengine walitoa pesa. Huko Uingereza, Wakfu wa Baring ulifadhili sanaa kwa wazee tangu 2010 hadi 2019. Wakfu huo uliundwa mwaka 1969 na benki ya Barings. Benki ilipoporomoka mwaka 1995, wakfu ulipoteza kipato kikubwa lakini ukabaki hai kwa akiba yake. Huko Scotland uliungana na shirika la umma la sanaa, Creative Scotland, kuanzisha tamasha la Luminate mwaka 2012. Kisha, baada ya miaka kumi, wakfu ukageukia sanaa na afya ya akili.

Hapo pana somo kwa vikundi vya hapa. Mhisani huja na muda wake, na siku moja huondoka. Kikundi kilichotumia ruzuku yote kushona sare na kuandaa sherehe ya uzinduzi hubaki na sare. Kilichomlipa mzee afundishe vijana kumi kuwamba ngoma hubaki na vijana kumi wanaojua kuwamba. Ombi la msaada lianze hapo: posho ya mzee mwalimu, nauli, ngozi na mbao, na chumba chenye choo ambacho mzee anaweza kukifikia bila kupanda ngazi. Vipaza sauti vinaweza kungoja.

Si lazima mhisani awe mgeni. Mzee akifa, mchango wa mazishi hujaa kwa siku mbili. Akiwa hai na kuomba ngozi ya ngoma, watu hutazamana. Ni aibu kidogo, na kila kijiji kinaijua.

Serikali nayo haijasamehewa. Kifungu cha 57 cha Katiba kinawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima, na Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti shughuli za utamaduni. Kwa hiyo wazee wafike kwenye vikao vya ushirikishwaji wa umma bajeti inapojadiliwa, wakiwa na hesabu iliyoandikwa: ngoma ngapi, mafunzo mara ngapi kwa mwezi, nauli kiasi gani.

Kikundi ambacho hakijasajiliwa kianze kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 ndiyo inayotumika. Kiende na katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano wa kukiunda na majina ya wanachama. Mzee asiyeweza kusafiri asiachwe nje ya orodha. Na mafunzo yafanyiwe uani kwake.