Gunia Kabla ya Pakiti: Kupima Metali Nzito katika Vyakula vya Dukani Kinango



Juni 2018, sukari ya magendo ilipokuwa ikinaswa kote nchini Kenya, Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i alitangaza kwamba ina zebaki na shaba. Haikupita muda, Waziri wa Viwanda Adan Mohamed akasema vipimo havikuonyesha zebaki. Kamati ya Bunge ikachunguza na kuandika ripoti. Agosti Bunge likaikataa, huku wabunge wakituhumiana hongo. Mnywaji chai akaachiwa majibu mawili.

Wengi walilaumu maabara. Mimi naona tuanzie nyuma zaidi: sampuli ilitoka wapi, ilichukuliwa na nani, na ilibeba jina gani hadi kufika mezani pa mkemia?

Chukueni mfano wa metali ya risasi: kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika nafaka na Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, ni miligramu 0.2 kwa kilo. Pakiti ya unga ya kilo mbili, basi, isizidi miligramu 0.4 za risasi, uzito unaokaribia ule wa chembe moja ya sukari. Ulimi hauionji, na kuchemsha hakuiondoi, kwa kuwa risasi si kijidudu. Maabara huyeyusha chakula kwa asidi ya nitriki, kisha mashine hutambua metali kwa mwanga inaoufyonza. Kwa kiasi kidogo namna hiyo, hata vumbi la chombo laweza kupotosha jibu. Ndiyo maana mpimaji makini hupima pia asidi tupu isiyotiwa chakula, pamoja na sampuli ambayo kiwango chake kinajulikana tayari. Ukiletewa ripoti isiyotaja vipimo hivyo viwili, iulizie, hata kama ina mhuri mkubwa.

Sasa tuje kwetu Kinango. Wateja wengi hawanunui pakiti ya kiwandani. Gunia la sukari hufunguliwa, sukari ikapimwa robo na nusu kilo. Bizari hugawanywa katika vifuko vya shilingi chache. Nambari ya toleo na tarehe ya kuisha muda hubaki kwenye gunia, na gunia lenyewe, kabla ya wiki kwisha, lishajazwa makaa. Afisa wa afya ya umma akichukua kifuko rafuni na risasi ikaonekana, atamrudia nani? Mwenye duka ataadhibiwa, na mzigo uliobaki utauzwa kwingine.

Fedha za vipimo ni chache, kwa hiyo tuchague. Mimi ningeanza na viungo na unga wa uji wa watoto, kisha mchele kwa sababu ya aseniki, na sukari ningeiweka nyuma ya hivyo vyote. Bangladesh iligundulika kuwa manjano ilikuwa ikipakwa rangi ya njano yenye risasi na kromiamu ili ing'ae. Mwaka 2023 watoto Marekani walidhurika kwa matunda yaliyopondwa yaliyotiwa mdalasini wenye sumu hiyo hiyo. Pwani hatuhitaji kusimuliwa risasi hufanya nini kwa mtoto: wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi kando ya mtambo wa kuyeyusha betri kuukuu, walipewa na mahakama fidia ya shilingi bilioni 1.3 Julai 2020. Lakini pale ilipimwa damu, madhara yakiwa yameshaingia mwilini. Kupima chakula ni kuwahi.

Maafisa, chukueni sampuli kwenye gunia ambalo halijafunguliwa, mwenye duka akishuhudia. Igawanyeni mara tatu: moja ya maabara, moja ya mwenye duka, moja ya kuhifadhiwa kwa ajili ya maabara ya pili iwapo patatokea ubishi. Andikeni nambari ya toleo hapo hapo, si ofisini. Na jina la bidhaa lisitajwe hadharani kabla jibu la kwanza halijathibitishwa. Yaliyotokea 2018 yanatosha.

Nanyi wenye maduka wa Kinango, Samburu na Ndavaya, ombi langu ni jepesi: msitoe gunia wala lebo yake mpaka kilichokuwamo kiishe chote.