Usingizi wa Wanyama Wakati wa Baridi

Maneno kwa wazazi na walimu wa watoto wadogo walioko Uingereza



Mtoto alelewaye Uingereza, baridi ya Desemba ikisha kuingia, humwuliza mama yake: "Kalunguyeye tuliyemwona bustanini yuko wapi? Amekufa?" Swali hilo lastahili jibu la kweli, na kwa mtoto mdogo jibu huingia upesi likichezwa kuliko likihubiriwa.

Kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba, hula sana kabla ya baridi hata akanenepa, kisha hujikunja ndani ya rundo la majani makavu. Hulala tangu Novemba hivi mpaka Machi au Aprili, kwa kuwa wadudu awalao huadimika. Usingizi huu si kama wetu. Moyo wake, uliokuwa ukipiga kama mara 190 kwa dakika, hupungua hata ukapiga mara 20 hivi, na mwili wake hupoa. Shahamu aliyojiwekea ndiyo posho yake ya miezi hiyo yote.

Basi, wavisheni watoto nguo nzito, mtoke nao nje.

Kwanza, jazeni maji ya vuguvugu chupa mbili zilizo sawa. Moja ifukieni katika majani makavu mengi, ya pili iacheni wazi upeponi. Baada ya nusu saa watoto wazishike. Watafahamu wenyewe kwamba majani hayaleti joto, bali huzuia lililopo lisitoroke upesi.

Pili, mtoto mmoja awe kalunguyeye, apewe punje 10 za mahindi, ndizo shahamu yake. Mwalimu ataje miezi mitano, Novemba mpaka Machi, na kila mwezi mtoto atoe punje mbili. Asipoamshwa, zitamtosha. Lakini kila aamshwapo na wenzake atoe tatu zaidi. Punje zitakwisha kabla ya Machi, naye hatakuwa na cha kumfikisha.

Mchezo huu una maana kubwa. Mtoto mwenye huruma akimkuta mnyama amejikunja, hutaka kumtikisa, kumbe kuamka huteketeza shahamu nyingi. Tena, kuni zinazorundikwa kwa mioto ya tarehe 5 Novemba huweza kuwa zimekwisha kuwa nyumba yake. Yafaa rundo lihamishwe au likaguliwe vema kabla ya kuwashwa.

Wazazi waliokulia kando ya Ziwa Victoria wanaye mfano wa kwao wa kuwasimulia watoto. Kamongo aweza kujifukia katika tope, maji yakikauka, akangoja mvua. Yeye hukimbia ukavu, si baridi.

Wahenga walisema: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Katika habari hii, atakayelala asiamke tena ni kalunguyeye mwenyewe. Mtoto akishika hilo moja, amejifunza vya kutosha kwa majira haya.