Waliofichwa na Waliowaficha

Fungueni 1 Wafalme 18:3-4, kisha Waebrania 11:32-38.

Yezebeli alipokuwa akiwaua manabii, Obadia alichukua 100 kati yao, akawaficha hamsini hamsini katika mapango, akawalisha mkate na maji. Obadia huyo alikuwa mtumishi ndani ya nyumba ya mfalme yule yule. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Leo nataka niwaeleze habari za mtoto mmoja Myahudi, Anne Frank. Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 12 Juni 1929. Hitler aliposhika utawala, jamaa yake ilihamia Amsterdam, Uholanzi. Lakini mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yakaingia huko pia. Wayahudi wakakatazwa tramu, baiskeli na bustani. Wakalazimishwa kushona nyota ya njano kwenye nguo zao.

Siku alipotimiza miaka 13, Anne alipewa kaye ya kuandikia. Hata mwezi haukuisha, dada yake Margot akaitwa kwa barua aende kambini. Kesho yake, tarehe 6 Julai 1942, wote wakaingia mafichoni, katika vyumba vya nyuma ya biro ya baba yao. Baadaye mlango ulifunikwa kwa kabati la vitabu. Walikaa humo watu wanane, karibu miezi 25. Mchana wafanyakazi wa depo ya chini hawakujua kitu. Kwa hiyo huko juu hakuna kutembea na viatu, hakuna kufungua bomba la maji. Wewe mama uliyewahi kumfunika mtoto mdomo usiku ili asilie, unaelewa.

Anne alifanya nini humo? Aliogopa, alilia, aligombana na mama yake. Lakini pia alisoma masomo yake kama mtoto atakayerudi darasani kesho. Alipanda darini kutazama mbingu na mti mmoja kupitia dirisha. Tena aliandika. Jioni walisikiliza redio ya London kwa sauti ya chini. Siku moja, Machi 1944, waziri wa Uholanzi aliyekuwa uhamishoni alisema redioni kwamba baada ya vita maandishi ya watu wa kawaida yatakusanywa. Anne akaanza kuandika kaye yake upya, ili iwe kitabu. Wapendwa, mtu anayejitayarisha kwa siku asiyoiona, huyo ana tumaini.

Tarehe 4 Agosti 1944 polisi wakaingia. Anne alipelekwa Auschwitz, kisha Bergen-Belsen. Huko yeye na Margot walikufa kwa ugonjwa wa tifusi mwanzoni mwa 1945, majuma machache kabla askari Waingereza hawajafungua kambi. Alikuwa na miaka 15. Kati ya wanane, baba peke yake alirudi.

Najua mnauliza: Je, tumaini lake lilikuwa bure? Msikubali mhubiri awadanganye kwamba kila anayeomba anatoka salama. Waebrania 11 inasema wengine walifunga vinywa vya simba, na wengine walikatwa kwa msumeno. Wote wameandikwa katika sura moja. Mungu hakuwahesabu waliokufa kuwa wameshindwa.

Sasa turudi kwa Obadia. Anne hakuishi miezi ile kwa nguvu zake tu. Wafanyakazi wa baba yake, Miep Gies, Bep Voskuijl, Johannes Kleiman na Victor Kugler, walijua siri, wakaleta chakula, vitabu na habari. Wanaume hao wawili walikamatwa pamoja na waliofichwa. Miep aliokota karatasi za Anne, akazitunza, akampa baba yake. Zilitoka kama kitabu mwaka 1947.

Lakini katika Ulaya ile ile kulikuwa watu wengi waliobatizwa, walioimba kila Jumapili, na jirani yao Myahudi alipochukuliwa wakafunga dirisha. Hapo ndipo Neno linatugusa sisi. Agano la Kale tunalolishika mkononi lilitufikia kupitia taifa la mtoto yule. Na hapa kwetu, jirani wa kabila lingine akibisha mlango usiku, utauliza kwanza lugha yake? Tumenena kwa lugha kanisani. Je, mlango wetu unafunguka?

Wewe uliye mafichoni leo, katika kambi au nyumba ya watu, soma, fundisha watoto, jitayarishe kwa kesho. Wewe uliye na nyumba, uwe Obadia.

Tuombe. Baba, uwakumbuke waliojificha usiku huu. Utuondolee woga na chuki. Ufungue milango yetu kabla hawajabisha. Katika jina la Yesu, Amina.