Miti ya Shule
Hotuba kwa waalimu na wazee wa usharika, Makumira



Makumira ipo chini ya Mlima Meru, kadiri ya nyuzi 3 kusini ya Ikweta. Basi, adhuhuri jua husimama karibu na utosi, na upenu mpana watosha kulizuia. Lakini asubuhi na alasiri hupiga kuta za mashariki na magharibi, likatia joto darasani. Huko ndiko yafaa tupande mringaringa na mruka, miti ya asili ya nchi hii yenye kivuli kipana, bali isikaribie mno msingi. Nyumba yenye kivuli haina haja ya mashine ya kupoza hewa, wala ya fedha za umeme wake.

Mkaratusi tusiupande kando ya mfereji, kwa maana hunywa maji mengi, na jirani zetu walio chini wayahitaji kwa migomba yao. Kuni za jiko tuzipate kwa mgrivea: hukatwa matawi, nao huchipua tena.

Tupande masika, tangu Machi. Kisha kila darasa litunze miche yake kiangazi chote. Wengi watakaoketi kivulini hawajazaliwa bado, lakini ndoo ya maji yatakiwa mwaka huu.