Ukubwa wa Bondia Aliye Bado Ulingoni

Kumhukumu bondia ambaye hajavua glovu zake ni jambo la hatari, kwa kuwa pambano moja la kesho laweza kuitangua hukumu ya leo; hata hivyo, vipo vigezo ambavyo mtu mwenye insafu hawezi kuvipuuza. Hesabu ya ushindi peke yake si hoja, maana wako waliokusanya sifa kwa kuwapiga wanyonge mbele ya jamaa zao. Mtazameni Oleksandr Usyk wa Ukraine, ambaye mwaka 2018 alimwendea Mairis Briedis huko Riga na Murat Gassiev huko Moscow, akaitwaa mikanda yote ya uzani wake, na ambaye, alipopanda uzani wa juu, alimshinda Anthony Joshua jijini London mwaka 2021, kisha Tyson Fury mara mbili huko Riyadh mwaka 2024, hali wote wawili walimzidi kimo na uzito. Basi tuulize kwanza: amepigana na nani, wapi, na mpinzani alikuwa na nguvu gani? Kwa mizani hiyo, ukubwa wa Usyk umekwisha thibiti. Kilichobakia kujadiliwa ni daraja yake miongoni mwa wakubwa.